Miaka 62 mlangoni: jinsi New Mexico ilivyongojeshwa kuwa jimbo

(Hotuba kwa wazungumzaji wa Kiswahili waishio Albuquerque, mwezi Januari)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma: wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya jimbo hili tunaloishi, kwa kuwa tarehe 6 ya mwezi huu ndiyo siku New Mexico ilipopokewa kuwa jimbo la 47 la Marekani, mwaka 1912. Niseme hoja yangu mapema ili mnifuate. Jeshi la Marekani liliiteka nchi hii mwaka 1846. Mwaka 1850 ikafanywa eneo la kusimamiwa na Washington: gavana na majaji wanateuliwa na rais, na mjumbe wake anakaa Bungeni bila kura. Ikabaki katika hali hiyo miaka 62. California, iliyochukuliwa katika vita vilevile, ilikuwa jimbo kamili kufikia 1850. Nevada ilipokewa mwaka 1864, na hata mwaka 1900 ilikuwa na watu wapatao 42,000 tu, wakati New Mexico ilikuwa na watu 195,000. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba huku kulichelewa kwa sababu watu walikuwa wachache, hesabu zinamkataa. Kulichelewa kwa sababu ya aina ya watu waliokuwako, lugha yao na dini yao. Na katika miaka hiyo ya kungojeshwa, ardhi iliwatoka mikononi. Mimi nayaona mambo haya mawili kuwa jambo moja.

Lakini nianze na wenyewe. Kaskazini-magharibi ya hapa kuna bonde la Chaco, ambako watu walijenga kwa mawe majumba makubwa kati ya karne ya tisa na ya kumi na mbili. Jumba moja, Pueblo Bonito, lilikuwa na vyumba zaidi ya 600. Ukame na mabadiliko mengine yaliwafanya wahame wakakae karibu na maji, hasa kando ya Rio Grande, mto huu huu tunaouvuka kila siku. Vizazi vyao ndio watu wa Pueblo, ambao leo wana jumuiya 19 katika jimbo hili. Kijiji cha Acoma, magharibi yetu, kimekaa juu ya mwamba wenye urefu wa mita zaidi ya 100, na watu wameishi pale mfululizo kwa karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kuvuka bahari. Baadaye kidogo wakaja Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné, na Waapache.

Na mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo ya bahari kufika katika nchi ya Wazuni, mojawapo ya jumuiya hizo za Pueblo, alikuwa Mwafrika. Aliitwa Estevanico, mzaliwa wa Azemmour, Moroko, mtumwa wa Mhispania mmoja. Msafara wa bwana wake uliangamia katika pwani ya Ghuba ya Meksiko, na kati ya mamia ya watu waliobaki nchi kavu, wanne tu walifika Meksiko mwaka 1536, baada ya miaka minane ya kutangatanga. Yeye alikuwa mmoja wao. Alikwisha kujifunza lugha za wenyeji na namna ya kusafiri miongoni mwao, kwa hiyo mwaka 1539 wakamtanguliza kama kiongozi wa safari ya padri Marcos de Niza. Akauawa Hawikuh, kijiji cha Wazuni. Nawataka vijana walijue jina hilo. Shuleni mtasikia sana habari za Coronado, aliyefuata mwaka 1540 akitafuta miji ya dhahabu isiyokuwapo, na ambaye leo amepewa hata jina la jumba la maduka hapa mjini.

Makazi ya kudumu ya Wahispania yalianza mwaka 1598, alipofika Juan de Oñate na familia za walowezi, mapadri na maelfu ya mifugo. Mwishoni mwa mwaka huo watu wa Acoma waliwaua askari kadhaa waliopanda kwao kudai chakula. Januari 1599 Oñate akapeleka jeshi. Mamia ya watu wa Acoma waliuawa, na wanaume wenye umri wa zaidi ya miaka 25 wakahukumiwa kukatwa mguu mmoja na kutumikishwa miaka 20. Wahispania wenyewe baadaye walimshtaki Oñate kwa ukatili wake na kumfukuza katika nchi hii. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1990, karne nne baadaye, watu walikwenda usiku kwenye sanamu yake kule Alcalde wakaikata mguu wa kulia. Mambo ya ardhi hii hayasahauliki upesi.

Santa Fe ilianzishwa yapata mwaka 1610, na imekuwa mji mkuu tangu hapo, chini ya mfalme wa Hispania, chini ya Meksiko, na chini ya Marekani.

Sasa hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu mwaka 1680 ndio kitovu cha historia hii. Kwa miaka 80 watu wa Pueblo walikuwa wakitoa mahindi na nguo kama kodi, wakifanya kazi za lazima katika mashamba ya walowezi, na wakikatazwa ibada zao. Mapadri walichoma vinyago vyao vya ibada. Yakaja magonjwa, ukaja ukame, ikaja njaa. Mwaka 1675 gavana aliwakamata viongozi 47 wa dini, baadhi wakanyongwa, waliosalia wakachapwa viboko hadharani. Mmoja wa waliochapwa alikuwa mtu wa kijiji cha Ohkay Owingeh aitwaye Po'pay.

Po'pay alikwenda Taos, na kwa miaka mitano akapanga. Jumuiya za Pueblo hazikuwa na mfalme mmoja wala lugha moja. Nyingine lugha zao hazina hata uhusiano. Wapiga mbio walipelekwa kila kijiji na kamba zenye mafundo, kila fundo siku moja, likifunguliwa la mwisho watu wote waamke pamoja. Wahispania waliwakamata vijana wawili waliobeba kamba, kwa hiyo uasi ukaanza mapema kuliko ulivyopangwa, tarehe 10 Agosti 1680. Waliuawa walowezi wapatao 400, pamoja na mapadri 21. Santa Fe ilizingirwa, mfereji wa maji ukakatwa, na waliosalia, karibu watu 2,000, wakakimbilia kusini hadi El Paso. Kwa miaka 12 nchi hii ilikuwa tena mikononi mwa wenyewe.

Gavana mpya wa Kihispania, Diego de Vargas, aliwarudisha Wahispania kuanzia mwaka 1692, na damu ikamwagika tena katika miaka iliyofuata. Lakini utawala uliorudi haukuwa uleule. Kodi ile ya mahindi na nguo kwa mabwana haikurejeshwa. Ardhi za vijiji vya Pueblo zikatambuliwa. Ibada zao zikaachwa ziendelee. Watu wakiniuliza kwa nini lugha na ngoma za Pueblo ziko hai hadi leo, huwa nawajibu kwa mwaka huo: 1680.

Baada ya hapo, kwa zaidi ya miaka 100, likakua taifa dogo la wakulima na wafugaji wa kondoo. Albuquerque ilianzishwa mwaka 1706. Serikali ya Hispania ilikuwa ikiwapa watu ardhi kwa hati, na nyingi ya hati hizo zilitolewa kwa kikundi cha familia. Kila familia ilipata kiwanja cha nyumba na kipande cha shamba kando ya maji. Sehemu kubwa iliyobaki, misitu na malisho, ilikuwa ya wote: pale walikata kuni, walilisha kondoo, walichukua miti ya kujengea. Haikuuzwa. Maji yalipitishwa katika mifereji ya pamoja iitwayo acequia, ikiwa na msimamizi aliyechaguliwa, na kila mwenye shamba alitoka na koleo wakati wa masika kuisafisha. Mifereji hiyo mnaiona mpaka leo kule South Valley, kusini mwa mji wetu. Ninyi mliokulia vijijini mtaelewa mara moja maana ya kilima kisichokuwa na hati ya mtu mmoja, lakini kila mtu anajua ni cha nani.

Meksiko ilipata uhuru mwaka 1821, na mwaka huohuo mfanyabiashara William Becknell akafika Santa Fe kutoka Missouri na bidhaa zake, akapokewa vizuri. Njia ile ya magari ya ng'ombe na nyumbu ikawa ya kudumu. Kabla ya jeshi la Marekani, iliingia biashara yake.

Agosti 1846 Jenerali Stephen Kearny aliingia. Katika mji wa Las Vegas, huu wa kwetu huku na wala si ule wa Nevada, alipanda juu ya paa kwenye uwanja wa mji akawaahidi watu kwamba mali zao na dini yao vitalindwa. Siku tatu baadaye akachukua Santa Fe bila kufyatua risasi. Tusidhani hata hivyo kwamba watu wote walikubali. Januari 1847 watu wa Taos, wa Pueblo na wazungumzaji wa Kihispania kwa pamoja, walimuua gavana mpya, Charles Bent. Jeshi likalipiga kanisa la Taos Pueblo kwa mizinga huku watu wamejificha ndani. Magofu yake yapo, na makaburi yameyazunguka.

Mkataba wa amani na Meksiko ulitiwa saini tarehe 2 Februari 1848, na ndani yake mna mambo mawili ninayotaka myashike. Rasimu ilisema watu wa nchi hizi wataingizwa katika Muungano wa Marekani mapema iwezekanavyo. Seneti ikabadilisha: wataingizwa kwa wakati ufaao, na Bunge la Marekani ndilo litakaloamua wakati huo. Pili, kulikuwa na kifungu cha kumi kilicholinda waziwazi hati za ardhi za zamani. Seneti ikakifuta chote. Sijui kama kuna kalamu iliyowagharimu watu wa huku zaidi ya ile. Kwa mara moja hadhi yao ilifungwa na ardhi yao ikaachwa bila ulinzi, hata kabla mkataba haujaanza kufanya kazi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani nitavipita haraka. Jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga lilipanda hadi Santa Fe likitokea Texas, na Machi 1862 likavunjwa nguvu katika mapambano ya Glorieta Pass, pale magari yake ya chakula na risasi yalipochomwa. Mwaka 1863 Arizona ikakatwa ikawa eneo lake. Habari za majambazi wa bunduki, akina Billy the Kid, mmeziona kwenye sinema, nazo si za kutuchelewesha.

Kinachostahili muda wetu ni yaliyowapata Wanavajo. Jeshi la Marekani chini ya Kit Carson lilichoma mashamba yao, likaua mifugo, likakata miti ya matunda katika bonde la Canyon de Chelly, mpaka njaa ikawatoa mafichoni. Kuanzia 1864 zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kwa miguu mamia ya kilomita, katika baridi, hadi Bosque Redondo karibu na Fort Sumner. Wazee na wajawazito walioshindwa kuendelea walikufa njiani. Kule walikopelekwa maji yalikuwa na magadi, mahindi yaliliwa na wadudu, kuni hazikuwapo. Wanakadiriwa waliokufa ni zaidi ya 2,000. Lakini viongozi wao, Barboncito na Manuelito miongoni mwao, walikataa kupelekwa nchi ya mbali zaidi, na tarehe 1 Juni 1868 wakatia saini mkataba uliowarudisha kwao. Humu ndani wapo waliotembea hivyo na watoto mgongoni. Sihitaji kuwaeleza zaidi maana ya kurudi.

Tuje kwenye ardhi. Chini ya Hispania na Meksiko shamba halikutozwa kodi ya fedha. Chini ya Marekani likatozwa. Ili hati yako itambuliwe ulipaswa uwe na wakili, na mwanakijiji hakuwa na fedha, kwa hiyo alimlipa wakili kwa ardhi yenyewe. Akishalipwa, wakili ni mmoja wa wenye hisa. Sheria ya mwaka 1876 ikampa mwenye hisa yeyote, hata awe mmoja, haki ya kuiomba mahakama igawe ardhi ya pamoja. Na kama haigawanyiki vizuri, inauzwa mnadani. Watu walijikuta malisho yao yameuzwa na mtu ambaye hakuwahi kuchunga kondoo hata mmoja.

Kulikuwa na kundi la mawakili, majaji na wanasiasa waliojulikana kama genge la Santa Fe. Mkubwa wao alikuwa Thomas Catron, wakili kutoka Missouri, aliyejikusanyia hisa katika ardhi nyingi hata akahesabiwa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa ardhi nchini Marekani. Reli ilipofika Albuquerque mwaka 1880, thamani ya ardhi ikapanda, na tamaa ikapanda nayo. Katika wilaya ya San Miguel, mwaka 1889 na 1890, watu waliovaa kofia nyeupe, Las Gorras Blancas, walitoka usiku kwa farasi wakakata nyaya za uzio zilizofunga malisho ya pamoja. Magazeti mengi yaliwaita wahalifu. Wao walisema wanalinda haki za maskini, na mimi nawaamini.

Bunge likaunda mahakama maalumu ya madai ya ardhi, iliyofanya kazi kuanzia 1891 hadi 1904. Mbele yake yaliletwa madai ya ekari zipatazo milioni 35, ikathibitisha kama milioni mbili. Madai mengine yalikuwa ya uongo, hilo ni kweli. Lakini tazameni kijiji cha San Miguel del Vado: kilidai ekari zaidi ya 300,000, na mwaka 1897 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba ardhi ya pamoja ilikuwa mali ya mfalme, basi sasa ni mali ya serikali. Wakabakiwa na ekari kama 5,000, za nyumba na mashamba. Malisho na msitu, vilivyofanya maisha yawezekane, vikaenda. Ukiendesha gari kule kaskazini ukaona bango la msitu wa taifa, mara nyingi unapita katika ardhi ya namna hiyo.

Laiti wangekuwa jimbo kamili wakati huo, wakiwa na maseneta wao na majaji wao! Siwezi kuapa kwamba mambo yangekuwa tofauti. Ila wangekuwa na kura.

Waliomba mara nyingi, wakakataliwa mara nyingi. Mwaka 1898 vijana wao walikwenda kupigana na Hispania kule Kuba chini ya Theodore Roosevelt, kuthibitisha utii wao. Haikutosha. Mwaka 1902 Seneta Albert Beveridge wa Indiana, mwenyekiti wa kamati ya maeneo, alikuja na wenzake kufanya uchunguzi. Waliwahoji walimu, majaji, na waliohesabu watu. Je, watoto wanaongea lugha gani uwanjani? Mahakama inatumia mkalimani? Wangapi hawajui Kiingereza? Ripoti yao ikapinga.

Naomba tulipime hilo. Humu ndani wengi wetu tumekaa hospitalini au mahakamani na mkalimani pembeni, na tunajua jinsi mtu mzima mwenye akili zake anavyoweza kutazamwa kama mtoto kwa kuwa maneno yake yanapitia kinywa cha mwingine. Watu wa New Mexico walikuwa kwao. Babu zao walizikwa pale kabla Marekani haijazaliwa. Na bado mkalimani alihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yao.

Mwaka 1906 ukaletwa mpango wa kuunganisha New Mexico na Arizona ziwe jimbo moja, jina lake Arizona na makao yake Santa Fe. Huku watu wakakubali, hata kwa kupoteza jina. Arizona wakakataa kwa kura nyingi mno, na viongozi wao hawakuficha kwamba hawakutaka kuchanganywa na watu wa lugha na desturi nyingine.

Hatimaye tarehe 20 Juni 1910 Bunge likaruhusu katiba iandikwe. Lakini sheria ileile iliweka sharti: afisa wa jimbo na mbunge wa jimbo wajue Kiingereza cha kutosha kufanya kazi bila mkalimani. Wajumbe 100 wakakutana Santa Fe, takriban theluthi moja wakiwa wazungumzaji wa Kihispania, Solomon Luna akiwa miongoni mwa wenye nguvu. Wakajibu kwa namna yao. Waliandika kwamba haki ya raia kupiga kura, kushika ofisi au kukaa katika baraza la mahakama haitazuiwa kwa sababu ya dini, rangi, lugha, wala kutojua kusoma Kiingereza au Kihispania. Watoto wenye asili ya Kihispania hawatawekwa katika shule za peke yao. Sheria zitachapishwa kwa lugha zote mbili kwa miaka 20. Na kuvibadilisha vifungu vikuu vya kura na shule wakaviwekea kufuli: robo tatu ya wapigakura wa jimbo zima, na theluthi mbili katika kila wilaya. Mwaka uliofuata lile sharti la mkalimani nalo likaondolewa. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri kabisa za kisiasa zilizowahi kufanywa na watu waliodharauliwa.

Tarehe 6 Januari 1912 Rais William Howard Taft alitia saini. Gavana wa kwanza akawa William McDonald. Na maseneta wawili wa kwanza? Mmoja alikuwa Albert Fall, na mwingine alikuwa Thomas Catron, yuleyule wa ardhi.

Na katiba hiyo nzuri niliyoisifu iliwaacha watu nje. Wanawake waliruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa shule tu. Na wenyeji wa kwanza, watu wa Pueblo, Wanavajo na Waapache, walizuiwa kwa kisingizio kwamba hawatozwi kodi. Mwaka 1924 sheria ya Marekani iliwafanya wote raia, lakini New Mexico ikaendelea kuwakatalia. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa Isleta, kijiji cha Pueblo hapa kusini mwetu, Miguel Trujillo, aliyekuwa mwanajeshi wa majini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikwenda Los Lunas kujiandikisha, akakataliwa. Akafungua kesi. Agosti mwaka huohuo majaji watatu wa shirikisho wakaamua kwamba kifungu hicho kinavunja Katiba ya Marekani, kwa sababu mtu wa kabila lolote jingine hanyimwi kura eti kwa kuwa halipi kodi ya ardhi. Ilikuwa miaka 36 baada ya New Mexico kuwa jimbo, na miaka 268 baada ya Po'pay.

Vijana, mwakani baadhi yenu mtatimiza umri wa kujiandikisha, na wengine wazazi wenu wanasubiri kuapishwa uraia. Kifungu kile cha lugha kimo katika katiba hadi leo, Ibara ya Saba, sehemu ya tatu. Kisomeni wenyewe.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Maswali tuanze na wazee.